Jiwe Nililolitoa Nyuma ya Tairi

Aibu hii nimekaa nayo tangu kiangazi mpaka sasa mvua imerudi, na ninaiandika katika kaye, daftari yangu, kwa sababu mutaani kila mutu anaisimulia kwa namna yake, wengine wananiongezea makosa, na wengine (niseme ukweli) wananihurumia kupita ninavyostahili. Mimi sikusoma sana, niliishia primeri, kwa hiyo nitaeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Bwana yangu anafanya biashara ya viazi huko Butembo, na gari letu la zamani, lile lenye usukani upande wa kuume, alikuwa ameniachia mimi. Parsele yetu, kiwanja cha nyumba, inateremka kuelekea kwa jirani, kama parsele nyingi za hapa Goma zilizojengwa juu ya mawe ya volkeno, na ndiyo maana kila mwenye gari ana jiwe lake: unasimamisha gari, unashuka, unasukuma jiwe jeusi nyuma ya tairi, unaenda kula. Freni ya mukono tunayo, lakini imani yetu iko kwa jiwe. Mimi nililizoea jiwe hata nikaacha kabisa kuvuta freni.

Siku ile ya Mungu, Jumapili, baada ya misa, shirika letu la sala lilikuwa linakutana kwangu, na nia ya sala ilikuwa kuomba mvua, maana mutaani mabidoni matupu ya maji yalikuwa mengi kuliko watu. Maharagi ya wageni yalikuwa kwenye chungu kikubwa juu ya mawe matatu, na jiwe moja likapasuka kwa moto, chungu kikaanza kuinama, mimi nikaangalia huku na huku, nikaona lile la nyuma ya tairi, la kipimo kilekile, limekaa tu bila kazi (ndivyo nilivyofikiri). Nikasema moyoni, dakika mbili tu. Nikalitoa, nikalisukuma chini ya chungu, likaenea vizuri sana, hata nikajisifu. Gari halikutikisika. Hilo ndilo lililonidanganya.

Upande wa pili wa ukuta, ukuta wa mawe yaliyopangwa bila simenti, kulikuwa sitene, tangi la maji lililoinuliwa juu ya mawe, la Muzee Bahati, mutu wa Masisi aliyefuga ng'ombe zamani, mupole, asiyesema sana. Katika ile sitene ya plastiki kulikuwa maji ya mvua ya mwisho, na watu wanane wa nyumba yake walikuwa wanayapima kwa kikombe.

Sisi tulikaa kwenye kona ya chini ya parsele, kwenye kivuli, mahali ambapo hata maji ya kunawa huenda kuishia. Mama Prezida, anayeongoza shirika, alikuwa anaomba mbingu zifunguke, wote tumefumba macho, nikasikia changarawe zinalia. Nikafumbua jicho moja. Gari lilikuwa linaondoka kinyumenyume, polepole, kama mutu anayetoka misani kabla ya baraka. Nikakimbia, nikalishika pua kwa mikono miwili kana kwamba ni ng'ombe, nikalisihi, nikalivuta, na kumbe ncha ya kikwembe changu, nguo niliyojifunga, ilikuwa imeshikwa na chuma cha mbele. Gari likaenda na kikwembe, mimi nikabaki na jipo la ndani (lenye tundu, kwa sababu siku kama hizo huwezi kuvaa lile zima), mbele ya shirika lote, wababa pamoja.

Ukuta ukaanguka, sitene ikapasuka, na maji yakapita kwenye tundu la ukuta yakaja moja kwa moja chini ya miguu ya waliokuwa wakisali. Koko mumoja, muzee asiyesikia vizuri, angali amefumba macho, akasema taratibu, "Amejibu haraka."

Hakuna aliyeumia, na hilo nashukuru kuliko yote. Muzee Bahati akatokea kwenye tundu, akaangalia sitene yake, akaangalia gari, akaniona mimi, akageuza macho upesi. Akatoa kikwembe kwenye chuma, akakikunja, akaninyooshea kwa mikono miwili akiangalia upande wa barabara.

"Mama, nguo yako ilikuja na gari."

Angenitukana ningepata nafuu.

Shemeji yangu Kasereka, anayejua mambo ya makaratasi, alifika jioni akaniambia asiransi, ile bima ya gari, haiwezi kulipa ujinga wa chungu, niandike kwamba tetemeko la ardhi ndilo lililosukuma gari, kwani Goma hii nani atabisha. Simulaumu, alitaka kuniokoa, na aliyeshika kalamu ni mimi. Niliandika tetemeko. Kisha ikabidi Muzee Bahati atie saini, kwa kuwa ndiye aliyeharibiwa mali. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno.

"Mimi sikusikia tetemeko," akasema. "Lakini watoto hawana maji. Nipe kalamu."

Nilimupa. Nilijiona mudogo mpaka leo sijui kupima.

Kwenye biro, ofisi ya asiransi, kule Birere, kulikuwa mustari mrefu na piki-piki zikilia inje, kwa hiyo mama wa biro, mwenye miwani, akasoma karatasi yangu kwa sauti kubwa ili tusikilizane. Alipofika kwenye tetemeko, watu wote wakaingia katika mazungumzo. Baba mumoja akasema kweli, alilisikia, kitanda chake kilisogea. Mwingine akamuambia ile ilikuwa kamyo ya mizigo ikipita, tena si siku ya Mungu. Wa tatu akaapa kwamba kuku zake zilikataa kula. Wale waliokuwa upande wangu walikuwa wanaongezeka, wananipigania bila kunijua, na mimi nikazidi kuona haya, nikasikia mudomo wangu unasema:

"Ni jiwe. Nilitoa jiwe nikapikia maharagi."

Kisha wakacheka, wote, na baba wa kitanda alicheka kuliko wengine. Mama wa biro hakucheka. Alivua miwani, akanifungulia kontra yangu mwenyewe, ile niliyoitia saini bila kuisoma, akaniwekea kidole mahali.

"Tetemeko hatulipi, mama. Volkeno pia hatulipi. Lakini gari lako likivunja kitu cha mutu, hiyo ndiyo kazi yetu. Ningepokea hii ya kwanza, jirani yako angekosa."

Akaipasua, akanipa karatasi mupya, nikaeleza humo jiwe na maharagi. Mahali pa kuuliza nani alikuwa anaendesha, nikaandika: hakuna mutu.

Nikarudi kwa Muzee Bahati, nikamuomba musamaha nimesimama, nikamupa ile karatasi. Kidole kikapita tena chini ya maneno. Kilipofika kwenye maharagi, muzee akacheka mpaka akakohoa. "Hii ndiyo niliyoiona," akasema, akatia saini bila kuombwa.

Mutu wa asiransi alikuja kuhakikisha, akaomba kuona jiwe, nikalivuta chini ya chungu likiwa na masizi, akalipiga picha kwa heshima zote. Wakati tukingoja, wale wale wa shirika walioloa viatu walikuwa wanapeleka kila asubuhi bidoni moja moja kwa Muzee Bahati, kwa zamu, na hakuna aliyenikumbusha jipo (isipokuwa Mama Prezida, mara mbili tu). Bwana yangu, nilipomueleza kwa simu, aliuliza tu kama maharagi yaliiva.

Sitene mupya ilifika juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, watu wanne wakisukuma. Gari letu lilibaki na bonde nyuma pale lilipogonga ukuta, kwa kuwa asiransi yetu inatengeneza vya wengine tu, na naona ni haki. Mvua ya kwanza iliponyesha, Muzee Bahati alinipitishia bidoni moja juu ya ukuta aliousimamisha upya. Bado najiuliza kama nilistahili hata bidoni ile. Nilikunywa.

Sasa ninavuta freni ya mukono kila siku, kisha ninaweka jiwe, kisha ninarudi kuhakikisha vyote viwili. Na zamu ya sala ikifika kwangu, Mama Prezida hafanyi ishara ya musalaba mpaka ameenda mwenyewe kuangalia nyuma ya tairi.