Taa Iliyoungua kwa Sababu ya Heshima

Kukhu alipofika kutoka Ekero kuja kumpokea mjukuu, baba yangu alihamia ndani ya gari.

Hakufukuzwa. Kukhu ni nyanya yangu, mama wa mama, na kwetu mwanamume hali wala halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Nyumba yetu ya Shirere ilikuwa na paa moja. Basi baba akachukua blanketi, redio na kioo cha kunyolea, akafungua mlango wa nyuma wa gari, akaingia kama mpangaji. Asubuhi alitoka humo amevaa tai, akaenda ofisini kwa baiskeli. Gari lilikuwa nyumba, na nyumba haiendi kazini.

Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya msingi na nilikuwa nangoja maisha yanijie. Wakati wa kungoja nilikuwa nikikaa kwenye usukani na kwenda Mombasa, gari likiwa limesimama. Sasa ilibidi nibishe hodi kwanza.

Jioni nilimpelekea baba chakula. Hakupenda kula bila mwanga. Alisema mtu anayekula gizani atameza hata mifupa. Kwa hivyo aliweka kigoda mbele ya gari, akawasha taa kubwa, akala obusuma na ingokho, ugali wetu na kuku, katikati ya mwanga. Majirani waliopita njiani walisimama, wakasalimia, wakaendelea. Mtu mwenye mama mkwe nyumbani haulizwi maswali.

Jioni moja, paja likiwa nusu, taa ya kulia ikafanya ti! ikafa. Baba akasogeza kigoda upande wa kushoto, akamaliza paja.

Kesho yake tukapata habari kutoka Mukumu, mama alikojifungulia. Jirani yetu aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni alipita akasema, “Daktari akizunguka jioni, mama yenu na mtoto wataruhusiwa. Mama mwenyewe anasema msimwache alale huko tena.”

Tulielewa. Mtoto wa kabla ya huyu hakuwahi kufika nyumbani; mama alirudi na blanketi jipya likiwa limekunjwa vilevile kama lilivyonunuliwa. Tangu siku ile yeye huhesabu kwamba mtoto amezaliwa akishavuka kizingiti.

Baba alirudi mapema na balbu mpya kutoka duka la Mhindi.

“Si twende hivyo hivyo, baba?” nikamwuliza. “Taa ya kushoto inawaka.”

“Na mvua hii inayokuja? Lori likiona taa moja litafikiri ni pikipiki, litupe nafasi ya pikipiki.”

Taa iliyokufa ilikuwa ya upande ambao malori hupita.

Gari lenyewe alilinunua kwa Mzungu wa ofisini kwao, aliyekuwa akirudi Ulaya baada ya Uhuru. Huyo bwana aliogopa wezi. Ringi zinazoshika vioo vya taa alikuwa amezichomelea, kwa hivyo taa hazikufunguka kutoka mbele. Ilibaki kupitia nyuma, chini ya boneti, na nyuma ya taa ya kulia kulikuwa na betri, imeshikwa na nati zilizoota kutu mpaka zikawa kitu kimoja na gari. Kati ya betri na taa palikuwa na nafasi ya panya mwembamba.

Fundi tuliyemjua alikuwa ameenda matangani.

Baba alivua saa, akapaka mkono mafuta ya kupikia, akausukuma. Ukaingia hadi kwenye vifundo vya vidole, ukakataa. Akanipa mafuta. Mkono wangu ulikuwa umelelewa na jembe. Nao ukakataa palepale.

“Una mikono ya babu yako,” baba akasema.

“Na wewe je?”

“Mimi nina mikono yangu.”

Wingu lilikuwa limeshafika. Kukhu alikuwa dirishani nyuma ya pazia, mahali ambapo tulikubaliana kwamba hayupo.

“Wewe msichana,” akaita. “Mwambie mkwe wangu mkono wangu ni mwembamba. Mimi natoanga mayai chini ya kuku na yeye haamki.”

Baba alikuwa hatua chache kutoka hapo. Akatazama barabarani.

“Baba, Kukhu anasema mkono wake ni mwembamba.”

“Mwambie mama ahsante, lakini haifai. Ni gari lenye grisi.”

“Mwambie kwamba mtoto wangu, mama yako, anangoja kitandani na nguo amevaa. Lete shuka.”

Shuka likaletwa. Tulilifunga kwenye boneti iliyoinuliwa na ncha nyingine kwenye mti wa kuanikia nguo. Kukhu akatoka na kusimama ubavuni mwa gari, upande wa taa mbovu. Baba akasimama mbele, upande wa pili wa shuka, ametazama nyumba. Mimi nikawekwa kwenye usukani, karibu na swichi, na kupitisha maneno. Sikuwahi kufika mbali hivyo hata katika safari zangu za Mombasa.

“Mwambie mama, nyuma ya taa kuna waya wa kufunga, kama pini.”

“Kukhu, kuna waya kama pini.”

“Nimesikia. Nimeshaushika.”

“Baba, ameushika.”

“Nimesikia. Mwambie aubane, autelezeshe upande.”

Kukhu alifumba macho. Mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Akawa anaongea na kitu huko ndani, kwa sauti ya chini, kama anavyoongea na kuku. Balbu ya zamani ikatoka, nyeusi tumboni. Mpya ikaingia.

“Mwambie awashe,” Kukhu akasema.

Nikawasha kabla sijajiambia.

Kwa vile mawingu yalikuwa yameleta giza, mwanga ulimpiga baba mgongoni, na kivuli chake kikajaa ukuta wa nyumba, kofia, tai na masikio. Kukhu akainua macho akakitazama. Baba naye akagundua, asijue kivuli kinafichwa wapi. Akasimama wima.

Kukhu alikipima kutoka juu hadi chini. Uso wa mkwe hautazamwi. Kuhusu ukuta hakuna aliyewahi kusema kitu.

“Amekonda,” akaniambia. “Ni wewe unampikia?”

“Mwambie mama,” baba akauambia ukuta, “nakula vizuri.”

Baba akaondoka na mvua kwenda Mukumu.

Nilikaa mlangoni na Kukhu. Kila gari lililokuja tulihesabu macho. Mwishowe yakaja mawili, yakageukia kwetu, na Kukhu akakimbia chumbani akafunga mlango, ili baba aweze kumleta mtoto hadi kizingitini. Alinipa. Mimi nikavuka naye, mama nyuma yangu, na Kukhu akatoka chumbani akanipokonya.

“Nani amelitia grisi blanketi la mtoto?” mama akauliza.

Kukhu alikuwa anamwimbia mtoto, hakusikia.

Nilimpelekea baba chakula. Kigoda kilikuwa mahali pake, lakini taa hakuwasha. Alisema balbu ipumzike. Nilipofuata sahani, mifupa yote ilikuwepo.