Mjomba Alivyokuja Kunitoa Kwenye Ubudha

Nilifungua mlango wa ofisi asubuhi moja nikamkuta mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, amesimama kwenye korido peku, viatu mkononi.

"Mjomba, vaa viatu! Hapa ni chuo kikuu."

"Nimeambiwa hekaluni watu huvua."

Hekalu gani jamani? Kile ni kituo cha utafiti wa Ubudha. Vyumba viwili, rafu za vitabu, mashine ya fotokopi inayokwama kila ikijisikia, na sisi watafiti wenye macho mekundu kwa kusoma. Hatuabudu, tunasoma. Mimi nilikuwa nasomea shahada yangu ya udaktari humo, nikitafsiri maandiko ya watawa wa kike wa kale.

Mjomba akakagua kila kona. Akachungulia hadi nyuma ya kabati.

"Sanamu mmelificha wapi?"

"Hakuna sanamu."

Akaniangalia kichwani. Nadhani alisikitika kidogo kukuta nywele bado ninazo.

"Ukoo mzima haulali kwa ajili yako. Nimekuja kukutoa."

"Nani kawaambia nimeingia?"

"Watu wazima tumeongea. Hayakuhusu."

Sasa sikia. Siku hiyohiyo mkuu wa kitivo chetu alikuwa ameitisha kikao cha kutufunga. Vyumba vyetu alivimezea mate muda mrefu. Hoja yake ilikuwa kwamba tunabadili wanafunzi dini, na familia zimeanza kulalamika. Kituo kikifungwa, udaktari wangu unakwenda na maji, maana chuoni pale hakukuwa na mwingine wa kunisimamia.

Na shahidi wake ni nani? Mjomba. Nilichoka.

Kikaoni mkuu wa kitivo akanikazia macho mbele ya makamu mkuu wa chuo.

"Binti, jibu swali moja tu yaishe. Wewe ni dini gani?"

Jibu nilikuwa nalo, na lingeniokoa palepale. Mjomba alikuwa ananikonyeza nilitoe, jasho linamtoka.

Lakini damu ilinichemka.

"Sijibu."

"Unakataa?"

"Nakataa. Anayetafiti malaria haulizwi kama ana homa. Nikikosea tafsiri, nifukuzeni. Moyo wangu sikuja kuusajili hapa."

Mjomba akashika kichwa.

"Mmemsikia wenyewe," mkuu wa kitivo akasema, anatabasamu. "Ndiyo maana hata ndugu zake wamekuja kulalamika. Mzee, karibu."

Mjomba akasimama, akafunga kifungo cha koti. Ana adabu za kupitiliza huyu mzee, hawezi kufungua mdomo mbele za watu bila kuanza na shukrani.

"Kwanza nimshukuru mkuu wa kitivo kwa kutupigia simu. Bila yeye tusingejua kwamba mtoto ananyolewa kipara. Tena ndiye aliyetuomba tuje tulalamike."

Makamu mkuu akavua miwani. "Aliwaomba?"

"Ndiyo. Hata nauli alitutumia, Mungu ambariki."

Kimenuka! Mkuu wa kitivo akainama chini ya meza kama kadondosha kitu.

Mjomba akamwangalia, akaniangalia mimi na nywele zangu. Nikaona uso wake unabadilika.

"Kumbe ulikuwa unanitumia?" akamwambia. "Huyu mtoto nitamgombeza mimi, nyumbani kwetu. Siyo wewe!"

Nililia palepale, sikujali nani ananiona.

Kituo hakikufungwa. Tasnifu yangu niliitetea nikapita. Mkuu wa kitivo tukipishana kwenye korido, ghafla anakuwa na simu ya kupokea.

Mjomba bado ananigombeza. Kila akipiga ni swali lilelile. Nimemwambia, siku atakayouliza bila hofu nitamjibu.

Nilichojifunza? Ukiona mtu mwenye cheo ana haraka ya kujua unaamini nini, muulize kwanza anakitaka chumba gani.

Na wewe unayekuja kwenye maoni kuandika "dada, kwani wewe ni dini gani?", andika mpaka vidole viume.