Faili ya Fardosa

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si jirani yangu wala binamu wa rafiki yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, akili zangu timamu, na siogopi majini wala makaburi. Ukishindwa kuamini sikulazimishi. Wako walioniamini wakanionea huruma, na huruma yao haijanisaidia kitu.

Ilikuwa Garissa, mwaka uliofuata zile mvua za El Nino. Kama hukuwepo huku hutajua. Maji yalijaa mahali ambapo hata wazee hawakuwahi kuyaona, barabara zikakatika, ngamia wakafa wamesimama ndani ya matope, na watu wakapotea. Shirika moja la misaada likafungua ofisi ndogo mtaa wa Iftin, ya kuandikisha waliopotea, nami nikaajiriwa karani. Baba yangu alikuwa dereva wa serikali kutoka Mombasa aliyeletwa huku kikazi, kwa hiyo nimezaliwa papo hapo Garissa, na nilikuwa nimesomea kompyuta miezi sita Nairobi. Siku zile mtu wa namna hiyo aliheshimiwa kama daktari.

Kila aliyepotea alikuwa na faili yake ndani ya kompyuta: jina, alionekana wapi mara ya mwisho, alivaa nini, ana alama gani mwilini. Basi, hayo tu.

Kati ya waliokuja alikuwako mama mmoja wa Hulugho aliyeitwa Habiba. Mimi nilimwita Hooyo, kama Wasomali wanavyomwita mama. Binti yake wa pekee, Fardosa, miaka kumi na tisa, alipanda lori kuja mjini, na lori likachukuliwa na maji wakati wa kuvuka laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha. Wengine waliopolewa. Yeye hakuonekana, si hai, si maiti. Nguo: dira la kijani. Alama: kovu la moto mkono wa kushoto, chini ya kiwiko.

Hooyo Habiba alihamia kwa kaka yake hapo mjini, na kila Alhamisi akaja kuuliza.

"Iko habari?"

"Hakuna, Hooyo."

"Basi, andika."

Kisomali changu kilikuwa cha sokoni, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni vilevile, v yake ikitoka f, tukakutana katikati. Mwanzo alitaka niongeze kitu alichosahau, labda namna binti anavyotembea. Baadaye akawa anasema na binti mwenyewe. "Andika: Fardosa, ile mbuzi yako nyeupe alizaa. Mbili. Moja kufa." "Andika: mfua hakuna tena. Wewe iko wapi?" Nami nikiandika neno kwa neno, maana ningemwambia nini? Kwamba faili si barua? Baada ya miezi minane faili za wenzake zilikuwa nusu ukurasa, ya Fardosa ikafika kurasa kumi na moja.

Kisha shirika likaamua kufunga. Msimamizi wetu, Bwana Mutua, mtu wa Machakos, hakuwa mbaya. Alisema tu kwamba kompyuta inarudi Nairobi kwa kazi nyingine, na habari za watu zisibaki ndani. Karatasi tulizichoma kwenye pipa nyuma ya ofisi. Faili za kompyuta nikaachiwa mimi nizifute.

Nilizifuta asubuhi moja, sikio moja likisikiliza redio. Zilikwenda zote isipokuwa moja. Nikibonyeza kuifuta ya Fardosa, mashine inanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haiwezekani, faili hiyo inatumiwa na mtu mwingine.

Mtu gani mwingine? Ilikuwa kompyuta moja, haijaunganishwa na nyingine yoyote, na mbele yake nimekaa mimi peke yangu.

Sikushtuka. Mashine zile zilikuwa zinasema ovyo, na nilifundishwa la kufanya. Nikafunga kila kitu nilichokuwa nimefungua. Nikaizima nikaiwasha. Nikaibadilisha faili jina, ikakataa. Nikaingia kwenye ule ukurasa mweusi wa kuandika amri kwa mkono, nikaiondolea kinga zote ninazozijua, nikaiamuru ifutike. Ikakataa. Nikaikagua diski nzima kutafuta mahali palipoharibika. Palikuwa pazima.

Ndipo nikatazama saa ambayo faili ilihifadhiwa mara ya mwisho. Saa saba na dakika kumi mchana, jana yake. Nikaona ajabu, kwa sababu saa saba sisi hufunga ofisi na mlinzi huzima jenereta kuokoa dizeli. Umeme wa mji ulikuwa haujarudi tangu mafuriko. Asubuhi iliyofuata nikatazama tena, tarehe ilikuwa imesogea siku moja. Saa saba na dakika kumi.

Basi siku hiyo, Jumanne, wenzangu walipokwenda kuswali na kula, mimi nikabaki. Nilitia komeo mlango kwa ndani. Wewe unajua saa saba ya Garissa? Hakuna mtu barabarani, mbuzi wamejibanza kwenye vivuli vya kuta, hata kunguru wamenyamaza. Nikasikia jenereta inazimwa. Feni ikazunguka mara mbili tatu, ikasimama. Kioo cha kompyuta hakikuzimika. Usiniambie ilikuwa betri, hatukuwa na betri.

Nilipogeuka kutafuta la kufanya nikamwona msichana amekaa kwenye benchi la wageni.

"Assalamu alaykum, abaayo," akasema. Ndivyo huku mtu anavyomwita dada.

Nikaitikia. Mdomo hutangulia akili. "Ofisi imefungwa," nikamwambia.

"Najua. Mimi nakuja ikifungwa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, niamini, sauti ya mtu anayengoja zamu yake. "Nasoma bole bole. Maneno ya hooyo ni mengi. Na wewe unataka kutoa."

Hapo nikamtazama vizuri. Dira la kijani. Upindo wake ulikuwa unachuruzika maji ya matope, yamefanya kidimbwi chini ya benchi, na mvua mara ya mwisho ilinyesha miezi mitano nyuma. Akaiweka sawa shali yake kwa mkono wa kushoto, nikaliona kovu.

"Wewe ni Fardosa?"

Akafikiri. Hilo ndilo lililonitisha kuliko maji. Alifikiri kama mtu anayeulizwa kitu alichokiacha mbali. "Imeandikwa hifyo," akasema.

Nilitaka kusoma Ayatul Kursi, nikakwama katikati, mimi niliyeihifadhi nikiwa mtoto.

"Huko niliko kila kitu kinatoka," akasema. "Jina limetoka. Sura ya hooyo imetoka. Nakuja kusoma, inarudi kidogo. Ukitoa faili, mimi nitamjuaje? Na yeye atanijuaje?"

"Wanaichukua mashine Jumamosi," nikasema.

"Alhamisi hooyo anakuja. Ngoja aongeze kidogo. Nitashika yote kwa kichwa, kama Kurani. Halafu toa."

Siku mbili tu. Hakuomba zaidi ya siku mbili.

"Wallahi sitaifuta," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa. Kisha mlango ukagongwa kwa nguvu, nikageuka, na nilipomrudia benchi lilikuwa tupu. Maji yalibaki kwenye saruji. Katika joto lile yalikauka nikiyatazama.

Aliyegonga alikuwa Bwana Mutua, amekwisha kuamuru jenereta iwashwe tena. Gari la Nairobi limepatikana, linaondoka saa tisa leo, si Jumamosi tena. "Umemaliza?"

"Bado moja. Inakataa."

"Kama inakataa, safisha mashine yote. Usinicheleweshee gari."

Sasa nisikilize, kwa sababu hapa ndipo ninapolala na kuamka. Diski za kunakilia zilikuwepo, boksi zima, kwenye droo ya meza yangu. Ningeweza kujaribu kuinakili. Ningeweza kukaa nikaiandika kwa kalamu, kurasa kumi na moja ni nini? Ningeweza hata kumwambia Bwana Mutua niliyoyaona. Lakini alikuwa ameniahidi barua ya kunisifia kwa shirika jingine, naye alisimama pale akitingisha funguo, na mimi nilikuwa nataka kitu kile kiondoke, kitoke mbele yangu, kisije tena. Niliandika amri ya kusafisha diski yote. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo.

Safari hii haikukataa.

Alhamisi nilikwenda ofisini ingawa hakukuwa na kazi. Hooyo Habiba alikuja saa zake zilezile, akakaa kwenye ngazi.

"Abaayo," akasema, "mimi nimekuja, lakini sijui nakuja kufanya nini."

"Umekuja kwa ajili ya Fardosa."

"Fardosa ni nani?"

Nilicheka, kwa hofu. Nikamweleza: binti yako, lori, laga, dira la kijani, mbuzi mweupe. Alinisikiliza kwa adabu kama anayesikiliza habari ya msiba wa watu asiowajua. Nikakimbia kwa kaka yake. Yule mzee akanikaribisha chai, akaniambia kwa upole kwamba dada yake hakujaliwa kuzaa, nami nisimtoneshe kidonda. Mwezi uliofuata nilipanda lori hadi Hulugho kwenyewe. Mbuzi mweupe nilimwona, na mtoto wake mmoja. Hakuna aliyejua amekuwa wa nani.

Daktari niliyemwendea alisema ni uchovu wa kazi ya misiba. Shehe alinisomea. Barua ya Bwana Mutua nilipewa, nzuri sana, inasema mimi ni mwaminifu.

Hooyo Habiba aliendelea kuja kila Alhamisi kwenye ngazi ya ofisi iliyofungwa, miguu yake ikimleta pasipo kumwambia sababu. Nilikuwa nakwenda kukaa naye. Kila mara nilimtajia jina, nikitumaini siku moja litashika.

"Jina fizuri," alikuwa akisema. "Ya nani?"

Amekufa akiwa anauliza hivyo. Kwenye mazishi walisema maskini, ameondoka bila mtoto. Yule msichana hajanijia tena, si mchana, si ndotoni. Ningependa aje hata kunilaani, lakini nadhani hajui tena njia, wala hajui anikasirikie kwa lipi.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako aliyepotea, andika jina lake mahali pengi. Liandike ukutani, liandike ndani ya jalada la msahafu, wafundishe watoto wa jirani walitaje. Usimwachie karani. Mimi nilikuwa karani mzuri, muulize yeyote Iftin.