Kaswende ya kaka yangu ilibomoa nyumba yangu

Wakuu, salamu kwenu. Mimi husoma tu humu, siandiki. Shule niliishia darasa la nane na naandika polepole, mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe miaka ya tisini, tukikaa karibu na Magunga.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mchuuzi wa ng'ombe huko Ogwedhi. Nyumbani alikuja mara chache. Alikaribia miaka arobaini bila kujenga kwenye boma la baba. Mimi nilichoka kungoja, nikajenga nyumba ndogo ya mabati.

Kwetu Waluo, mdogo hajengi kabla ya mkubwa.

Mwaka haujaisha, kaka akarudi na miguu mibovu. Alikanyaga chini kwa kishindo kama mtu anayeua siafu. Maumivu yalimchoma mguuni ghafla, yakaondoka. Asubuhi akinawa uso, akifumba tu macho kwa ajili ya sabuni, anaanguka.

Wazee wakasema ni chira, ile laana ya kuvunja mwiko, na aliyeuvunja ni mimi.

Mama akaniambia, "Nyathina, mwanangu, nyumba utapata nyingine. Ndugu utampata wapi?"

Nikapanda juu, nikang'oa mabati mwenyewe. Nikahamia jikoni kwa mama. Kaka akanyweshwa mitishamba ya chira miezi minne.

Akazidi kuanguka. Na kila akianguka, watu waliniangalia mimi. Nilichoka, wakuu.

Mwishowe nikampeleka hospitali, Homa Bay. Daktari akamgonga magoti kwa nyundo ya mpira, hayakuruka. Akammulika macho kwa tochi.

"Daktari, mimi nimeletwa na miguu," kaka akasema. "Mbona unachungulia macho?"

"Kwa sababu siku hizi unatembea kwa macho, mzee. Ukiyafumba, miguu haijui iko wapi. Hebu simama, fumba."

Akafumba. Akamwangukia daktari kifuani.

Daktari akamuuliza kama aliwahi kupata kidonda sehemu za siri. Kaka aliniangalia, kisha akaangalia ukuta. Akasema ndiyo, zamani, akiwa kijana sokoni. Hakikuuma. Kilipona chenyewe, akasahau.

Damu ilionyesha kaswende. Sasa wakataka maji ya mgongo, wajue kama imeingia kwenye mishipa ya fahamu. Kaka akakataa. Kwetu watu husema ukitolewa maji hayo hutembei tena.

Nikamwambia, "Omera, ndugu yangu, kwani sasa unatembea?"

Akacheka kidogo, akajikunja kitandani wakamchoma sindano.

Ilikuwa imeingia. Akapewa penisilini kwenye mshipa, mchana na usiku, wiki mbili. Daktari hakutuficha: dawa inaua ugonjwa, lakini neva zilizoharibika huenda zisirudi.

Maumivu yalipungua. Fimbo hakuiacha.

Tulipofika nyumbani alisimama mahali nyumba yangu ilipokuwa. Kesho yake akaanza kuchimba mashimo ya nguzo za nyumba yake, akiwa ameketi chini, ili mimi niruhusiwe kujenga tena. Ilimchukua karibu mwaka. Hakuna mzee aliyeniomba msamaha, na mimi sikuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba kidonda kupona sio ugonjwa kuisha. Pimeni damu mapema, hata kama hamuumwi.

Na wewe uliyewahi kutolewa maji ya mgongo ukarudi nyumbani kwa miguu yako, sema hapa chini. Pengine kuna mtu anasoma, naye anaogopa.