Mikono Nyuma ya Mgongo

Siku yangu ya kwanza kwenye garderi, nyumba ya kulelea watoto wadogo mchana, nilikwenda kutengeneza mlango tu. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nimepakua mizigo ya treni Sakania, nimechimba Kambove, nimelima Lukafu, na kote nilichoka haraka. Lakini pale mtoto alinishika suruali akaniuliza nyundo inakula nini. Nikabaki mpaka uzee.

Mkubwa wetu, Mama Directrice, alinifundisha mapokezi: unapokea mtoto mlangoni, unauliza amelalaje, amekula nini, unagusa paji la uso kupima joto. Nilijua upesi, nikajivuna.

Ndipo akaja Baba Mireille, mchomeleaji wa mageti aliyefiwa na mke. Mtoto wake, Mireille, alikataa kula mkononi mwake. Mama mkwe wake alikuwa ameapa kufika Ijumaa; akikuta mtoto bado hali chakula, atamchukua akamlee mwenyewe.

Kila asubuhi nilimpokonya mtoto. "Leta, baba! Mikono ya chuma haiwezi hii kazi." Nikamlisha uji mwenyewe, akamaliza. Baba aliangalia, akaenda kwenye mageti yake.

Mama Directrice akaniita. "Unasaidia nani? Ule mubibi anakuya kuangalia weye?"

"Sasa nifanye nini, Mama?"

"Weka mikono nyuma. Fundisha na kinywa, tena kidogo."

Kesho yake nilimpa baba bakuli. Akajaza kijiko kama sepetu. Mireille akageuza uso. Vidole viliniwasha kumpokonya kijiko.

"Punguza, baba. Ongea naye, umungoje."

Alikuwa hana hadithi. Akaanza kumweleza namna ya kusugua kutu kwenye geti. Mtoto akamtazama, akaachama.

"Anafungua!"

"Usipige kelele, baba, atafunga tena!"

Ijumaa bibi alifika garderi na mfuko mtupu wa kutilia nguo za mtoto. Akakaa, akatazama uji ukiisha mkononi mwa baba, na geti la hadithi yake likipakwa rangi.

"Na nguo, nani anafula?"

"Ni miye, mama."

Alikunja mfuko. "Basi minarudia Kambove. Huu mufuko nitauleta na viazi."

Sasa nimestaafu. Juzi jirani yangu kijana alihangaika kumfunga mwanawe mgongoni kwa kitenge. Nikasimama karibu, mikono nyuma. Fundo lake lilikaa upande, lakini lilishika.