Mkubwa Hawekewi Mipaka

Dada yangu alisinzia na tonge la lituma, ndizi za kupondwa, mdomoni. Nililitoa kwa kidole, kama vile unavyomtoa mtoto udongo, nikamuuliza mkubwa wangu: "Yaya, tangu lini uko namna hii?" Akafungua jicho moja, akaniita mdogo wake. "Leki, usiogope. Mi nilisha pona. Hawakuniita." Akalala tena, saa nne ya asubuhi, jua kali juu ya mto pale Yanonge. Aliishi wiki tatu tu baada ya hapo.

Hawakuniita. Neno hilo ninajua lilikotoka, maana lilipita kwenye vidole vyangu. Lakini si vyangu peke yake.

Ilikuwa ile miaka tulipokuwa wote "citoyen", raia wa chama kimoja, tunakichezea ngoma kila asubuhi ndipo tuanze kazi. Mimi sikumaliza secondaire. Nilijua kupiga mashini ya kuandika, basi, nikapata kazi Kisangani kwenye ofisi iliyofuata wagonjwa wa usingizi. Ugonjwa ule hauishi siku unapotoka hospitali. Miaka miwili, kila miezi sita, lazima wakuchome sindano ya mgongo, waangalie kama mdudu amerudi. Akionekana mapema, unatibiwa tena. Akichelewa kuonekana, anakula ubongo.

Kila mgonjwa alikuwa na fishi yake, karatasi ngumu yenye jina na siku zake za sindano. Kutoka kwenye fishi tulitengeneza orodha. Muuguzi alishuka mto nayo, akasimama penye pirogi, mtumbwi wake, akasoma majina kwa sauti. Aliyeitwa alienda kuchomwa. Asiyeitwa alipiga vigelegele, akarudi shambani kwake. Watu wa mto walielewa hivyo: jina lako halimo tena, umepona. Hakuna aliyewaambia vingine.

Halafu ikaletwa mashini kubwa, kompyuta aina ya Unix, na fundi mzungu wa kuifunga. Tukaingiza fishi zote humo, miezi na miezi. Mimi mwenye masomo kidogo ndiye niliyemwelewa fundi yule, labda kwa sababu sikuwa na cheo cha kulinda. Alinionyesha kwamba kila programu inaingia kazini na ruhusa zake na mipaka yake. Ile ya orodha inasoma fishi, lakini haiwezi kuzifuta. Nafasi yake kwenye diski ni hii, dakika zake ni hizi. Ikizidi, mashini inaiua. Akaunti yangu nayo ilikuwa ndogo, ya kazi yangu tu. Juu ya zote kulikuwa na akaunti moja ya mkubwa, isiyokatazwa kitu.

"Hata mimi siingii humo kila siku," alisema. "Naingia kwa kazi isiyofanyika bila hiyo, namaliza, natoka. Mwenye kuweza yote akikosea, anaharibu yote."

Aliandika neno la siri la akaunti ile, akalifunga kwenye bahasha, akaiweka ndani ya kasha la chuma la chef wetu, mkuu wa ofisi. Akaenda likizo kwao, na kwetu hakurudi tena.

Chef wetu wa service alikuwa amekwisha tupa fishi za karatasi. "Mashini inakumbuka sasa," alisema. Mama wa sokoni wakazifungia karanga. Mimi mwenyewe nilikula karanga kutoka ndani ya fishi ya mgonjwa wa Isangi, nikasoma jina lake, nikaendelea kula.

Ikafika sikukuu ya chama. Chef akamwita shemeji yake, mwenye diploma ya Kinshasa, aandike programu ya kupanga majina ya wachezaji wa ngoma ya chama. Ilikuwa programu mbovu. Iliandika jina moja bila kusimama, na ikikosa pa kuandika iliagizwa kufagia, yaani kufuta, kila kitu mahali iliposimama. Ilipotembea kwenye akaunti yangu haikufika huko. Ilimaliza nafasi yake, mashini ikaikata.

"Chef, mashini imeiua," nikasema.

"Imeua nini?"

"Programu ya wachezaji."

Yule wa diploma akacheka. "Citoyen, unasema mashini imeua programu ya chama? Sema polepole, ukuta iko na masikio."

"Imepita mipaka yake."

Chef akaweka kalamu chini. "Mipaka ya nani? Hapa mimi niko chef, ao mashini iko chef?"

"Ni wewe, chef. Lakini mipaka haiko juu yako. Iko juu ya programu, ikipotea isiguse fishi za wagonjwa."

"Bon! Mutu ya secondaire nusu ananifundisha kazi." Akafungua kasha, akapasua bahasha. "Kuanzia leo kila kitu yangu inatembea na akaunti ya mukubwa. Piga."

Nikapiga. Sikatai. Mke wangu alikuwa na mimba, na nilijua mtu anayemkatalia chef analala wapi.

Diski ilijaa kabla hatujamaliza chai, pakakosekana pa kuandika. Kisha programu ikaanza kufagia, na safari hii ilisimama juu ya vyote, hakuna kitu kilichokatazwa kwake. Fishi zote zikaenda. Mkanda wa akiba, wenye nakala ya fishi, ambao fundi alituachia, chef alikuwa ameandika juu yake hotuba zake. Zilibaki zile fishi za wiki ile tu, zilizokuwa bado mezani kwangu.

Muuguzi alisema tushuke vijijini, tuanze upya, tuulize mtu kwa mtu. Chef alikataa, maana angeulizwa fishi zilipotea namna gani. Akasaini orodha ya ukurasa mmoja, ya zile fishi zilizobaki tu. Akampelekea mjumbe wa chama, akamwambia ugonjwa unarudi nyuma kwa sababu ya nidhamu. Muuguzi alimwambia mjumbe ukweli usoni. Mjumbe akapiga makofi, akampa chef barua ya sifa. Mimi nilisema uani, mbele ya wote, kwamba orodha ni ya uongo. Jioni ile wakanichukua: saboteur, mhujumu wa kazi. Miezi saba cachot, jela yao. Dada yangu naye alikuwa mgonjwa wetu, na siku yake ya sindano ilipita nikiwa ndani. Majirani waliniambia alisimama akasikiliza mpaka mwisho, akapiga vigelegele. Nilipotoka nilishuka mto moja kwa moja, nikamkuta na lile tonge mdomoni.

Mjumbe alikufa. Wa diploma yuko Ulaya. Chef yuko hapa hapa Kisangani, mtaa wa Makiso, anauza simenti, kanisani anakaa benchi la mbele. Nilimwendea. Akaniambia, "Ndugu, yale ya zamani. Wote tulikuwa chini ya amri."

Hapana, chef. Ile amri ilitoka kinywani mwako, na hakuna aliyekulazimisha. Mimi niliyoyafanya nimeyaandika, mtu yeyote anaweza kunihukumu. Watoto watatu wa dada yangu wanaishi kwangu Mangobo, na mkubwa wao sasa ana umri aliokufa nao mama yake. Hawataki kunisikia mimi tena. Uje ukae mbele yao uwaambie: ulijua orodha imepungua, ulijua waliokosekana hawajapona, kwa nini ulisaini?