Kamba ya Muzee Léon

Godelive anauza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni Mudzipela mjini Bunia, na ukitaka akupunguzie bei atakutazama tu mpaka mwenyewe uone haya. Akisema jambo liko hivi, basi liko hivi. Kwa hiyo Patou, mdogo wake, aliporudi kutoka ziwani na kumwambia baba yao mgonjwa kwamba kaburi la mama limepotea, Godelive alifunga meza yake mchana kweupe.

Baba huyo, Muzee Léon, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: akifa, azikwe kando ya mke wake. Alimzika wakati wa vita, mbio mbio, karibu na boma la kale ambalo Wazungu walilijenga ukingoni kabisa ili walinde ziwa. Godelive alikuwa ametangulia kukimbia, Patou mgongoni. Sasa njia ilikuwa imetulia kidogo, ingawa upande wa Gety watu walikuwa bado wanalala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Patou alimpakia dada yake kwenye pikipiki, wakateremka.

Boma lilisimama peke yake katikati ya majani. Ng'ombe walikuwa wanakula pale ambapo Godelive aliosha sahani utotoni, na maji yalikuwa yamerudi nyuma, mbali huko, yanang'aa tu.

"Weye ulianza kupima wapi?" aliuliza.

"Kwa maji, yaya," Patou alimjibu dada yake. "Papa alisema: toka kwa maji, kamba moja ya pirogi, kuelekea mulima. Nilipima, nikafika mu matete tu."

Godelive alicheka mpaka akashika kiuno. Masikini Patou, amekulia Bunia, angejuaje? Wavuvi wa kule hupima kila kitu kuanzia majini, kwa kamba ya kufungia mtumbwi: nyumba, shamba, hata kanisa. Na siku ile ya maziko, maji yalikuwa yanalamba ukuta huu.

"Maji ya papa iko hapa," alisema, akiupiga ukuta kwa kiganja.

Alipapasa kwenye kona mpaka akaishika pete ya chuma iliyoliwa na kutu, ile waliyofungia pirogi. Akatoa kikapuni kamba ileile ya pirogi ya baba, ambayo miaka yote hii alikuwa anaanikia nguo, akaifunga kwenye pete. Patou akaivuta kuelekea mlima.

Kamba iliishia kwenye mawe yenye matundu, mawe ya kuzamishia nyavu za baba, yamepangwa vizuri chini ya majani. Godelive alipiga magoti akamlilia mama yake kwa sauti, kilio alichokuwa nacho tangu siku ya kukimbia. Patou alimwacha alie.

Kisha Godelive akajifuta uso, akajilaza chali kando ya mawe, akanyoosha miguu. Yeye na baba yake ni urefu mmoja.

"Yaya, unafanya nini?"

"Pigia papa simu," alisema, bado amelala. "Umuambie, kando ya mama anaenea."